Shilingi ya Mtani

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Dar es Salaam
4 Novemba 1978

Kwako mume wangu Anselmi,

Salamu ni nyingi, chukua unazoweza kubeba, zilizobaki mpe huyo Mpare wako. Mimi ni mzima, na huyu aliye tumboni ni mzima kuliko mimi, maana anapiga mateke kama mtu aliyefungiwa ndani kwa makosa. Wasiwasi wangu ni ninyi.

Tangu lile lori liwachukue pale Mnazi Mmoja nyumba imepoa. Cherehani ya Anaeli bado ipo barazani. Bibi Mboni ameifunika kwa kanga yake, anasema vumbi likiingia Mpare atarudi atushitaki, na yeye mwenye nyumba ndiye atakayekuwa mshitakiwa wa kwanza. Watu wanakuja kuulizia suruali zao. Nimewaambia fundi kakimbilia vitani na vitambaa vyenu, kamdaini huko huko. Mwambie hivyo hivyo.

Huku sokoni Shimoni biashara ya ndizi inasuasua. Malori mengi yamechukuliwa kwa ajili yenu, mikungu kutoka Moshi inafika imeshaiva. Hakuna anayenung'unika, wallahi. Sabuni ndiyo imekuwa kama dhahabu. Foleni ya duka la ushirika inaanza kabla ya adhana ya alfajiri, na mimi na tumbo langu hili watu wananipisha mbele, basi angalau mtoto wako ameanza kazi.

Nikuulize jambo moja, unijibu kweli. Utakuwa umerudi kabla sijajifungua? Mama yako ameleta salamu kutoka Rombo kwamba akiwa wa kiume ni Severine, jina la marehemu baba yako. Nimekubali. Lakini wa kwanza kumwita jina hilo nataka uwe wewe. Nimeshawaambia wote hapa barazani: huyu mtoto atakaa bila jina mpaka baba yake aingie mlangoni. Bibi Mboni anasema ni ukaidi wa Kichaga. Na iwe.

Jitunze. Kula. Usijifanye shujaa.

Mkeo,
Theopista

*

Mpakani, mahali nisiporuhusiwa kutaja
12 Novemba 1978

Mke wangu Theopista,

Barua yako imenikuta mzima. Nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo, Anaeli anasema nikiendelea atalazimika kuishona.

Huku ni nchi ya migomba. Asubuhi ukifungua macho unadhani uko Rombo, ila mlima hauuoni. Wenye mashamba wamekimbia. Mikungu imekomaa, inaielemea migomba, na hakuna mtu wa kuitegemeza. Inaniuma kuliko ninavyoweza kukueleza. Juzi nilikata miti miwili yenye panda nikautegemeza mgomba wa mtu nisiyemjua. Sajini akaniuliza, "Wewe Anselmi, umekuja vitani au umekuja kulima?" Nikamwambia huyu mwenye shamba atarudi siku moja. Kesho yake nilimwona naye anategemeza mmoja.

Nimewekwa na maseremala wenzangu. Kuna mto mbele yetu, daraja wamelivunja, na watu wetu wengi wako ng'ambo chini ya adui. Zaidi ya hapo siwezi kuandika.

Umeuliza kama nitawahi. Sijui, Theo. Nakuambia kweli kama ulivyotaka. Lakini hilo la jina nimelipenda. Msimwite jina lolote. Aningoje.

Mumeo,
Anselmi

Karatasi imebaki nafasi, Mpare ananinyang'anya kalamu:

Kwako Mchaga wa Shimoni! Nasikitika kukujulisha kwamba mume wako alifariki jana mchana baada ya kula. Tulimkuta chini ya mgomba, kimya, hatikisiki. Wenzangu wakaanza kuvua kofia. Mimi nikakumbuka kipimo cha wazee wetu: Mchaga hathibitishwi kafa mpaka uangushe shilingi karibu na sikio lake. Nikaiangusha. Akafumbua jicho moja akauliza, "Ya nani hiyo?" Basi mazishi tumeyaahirisha. Koti lake nilikuwa nimeshalipima, linanikaa vizuri mabegani, mikono tu ndiyo ya kupunguza.

Mtani wako, Anaeli, fundi wa kweli

*

Kariakoo
18 Novemba 1978

Kwa Mpare asiye na haya,

Nimewasomea barazani. Bibi Mboni amecheka mpaka ushungi umemwanguka, na sasa kila anayekuja kununua ndizi kwangu anadondosha sarafu mezani kuona kama nitashtuka. Asante sana kwa kuniharibia jina sokoni.

Lakini na wewe Mpare mpenda kesi usijisahau. Siku ukifa, sisi hatuhitaji shilingi. Tutakuinamia tu tukuambie, "Anaeli, kesi yako ya mbuzi imefutwa." Ukikaa kimya, tunachimba kaburi.

Sasa weka mzaha pembeni kidogo, shemeji, nina maneno mawili. La kwanza: mume wangu akiuona mgomba umeinama, akili inamtoka. Namjua. Kule nyumbani alikuwa anaacha chakula kinapoa kwa sababu ya mgomba wa jirani. Nimesoma habari ya miti yenye panda na moyo wangu ukaruka. Mshike koti. Hilo hilo ulilolipima, lishike.

La pili ni gumu, nitaliandika haraka haraka. Likitokea la kutokea, nisilisikie kwa mtu wa ofisi aliyeshika faili. Nilisikie kwako. Kwetu na kwenu mtani ndiye mwenye haki ya kuleta msiba, na ndiye pekee anayeruhusiwa kucheka matangani. Nakupa kazi hiyo, na namwomba Mungu usiifanye.

Haya, nimemaliza. Endelea na upuuzi wako.

Mchaga wako,
Theopista

*

1 Desemba 1978

Shemeji Theopista,

Kaa chini kwanza. Kama barua hii imekukuta sokoni, usiisome hapo. Rudi nyumbani, umwite Bibi Mboni akae karibu nawe.

Anselmi amefariki. Ilikuwa asubuhi ile tuliyovuka mto, juma lililopita. Uliniomba ulisikie kwangu, ndiyo maana naandika kabla jeshi halijaandika.

Nitakueleza yote, maana najua utataka kujua.

Tuliingia kwenye maboti kungali giza. Ukungu ulikuwa mzito juu ya maji, mbele yangu nilikuwa naona mgongo wa Anselmi tu. Maseremala walitangulizwa, wawahi kufunga kamba za daraja upande wa pili. Tulipofika katikati mizinga yetu ikaanza kupiga kutoka nyuma, makombora yakapita juu ya vichwa vyetu, na boti likawa linatetemeka chini ya magoti. Halafu tukasikia ndege ya adui. Tukalala kifudifudi mmoja juu ya mwingine. Haikutuona, ikapita. Anselmi alikuwa amenishika mkono, akaniambia polepole, "Mpare, ukianguka majini sikuokoi, nitalowesha koti." Tulicheka kwa kuziba midomo.

Tulitegemea risasi ng'ambo. Hapakuwa na mtu. Adui alikuwa amerudi nyuma, kaacha nyumba zimechomwa, ng'ombe hawapo, na jikoni mwa mtu mmoja tulikuta chungu bado kipo mafigani. Kimya kile kilitutisha kuliko mizinga. Tukaamriwa tufuate njia iliyowekewa alama, tusitoke hata kidogo, kwa sababu wametega mabomu ardhini.

Jua likachomoza, ukungu ukainuka, na shamba likaonekana. Palikuwa na mgomba mmoja kando ya njia, mkungu wake umeuinamisha karibu kugusa chini. Anselmi alisimama akautazama. Nikamwambia, "Haya, Mchaga kaona ndizi, vita imekwisha." Akageuka akacheka. Mimi nikajua amenisikia. Aliyekuwa nyuma yangu akaniita, nikageuza shingo. Ndipo nikasikia mlio wa bomu pale mgombani.

Alikufa pale pale. Nilikuwa naye. Tumemzika wenyewe karibu na pale, padre wa kikosi amemsalia, na msalaba ameuchonga seremala mwenzake.

Uliniambia nimshike koti. Sikumshika.

Anaeli

*

(Tarehe imefutwa kwa wino mweusi na wakaguzi wa barua)

Mke wangu Theopista,

Mimi mzima kabisa, usiwe na hofu. Mvua imeanza kunyesha huku na tunafanya kazi mchana kutwa, mikono imejaa vibanzi, lakini moyo umetulia. Chakula kipo. Mpare anakoroma.

Nilisahau kukuambia. Uvunguni mwa kitanda nimeacha mbao za mninga, nilizificha nyuma ya sanduku. Ni za kitanda cha mtoto. Zimeshakauka vizuri. Usimruhusu Bibi Mboni aziguse, namjua, kuni zikiadimika macho yake yanatembea. Nitakitengeneza mwenyewe nikirudi, mtoto alale na mama yake siku chache tu za mwanzo.

Ninamfikiria sana. Nikiwa napigilia misumari najikuta nalitamka lile jina moyoni, halafu nakumbuka nimeahidi, nanyamaza.

Tutaonana.

Mumeo,
Anselmi

*

Kariakoo
15 Desemba 1978

Kwa Mpare mwongo,

Nimejifungua. Mtoto wa kiume, kichwa cha baba yake, sauti ya wauza samaki. Mzima, nami mzima. Hana jina. Bibi Mboni amechoka kungoja, anamwita Mgeni.

Sasa tuje kwako. Barua yako ilifika siku tatu kabla sijajifungua. Nimeisoma. Nimekuambia mtani ana ruhusa, lakini ruhusa ina mipaka, Anaeli! Mwanamke mjamzito unamwandikia mambo yale? Boti, ndege, mgomba, padre! Umejitahidi kutunga, sikatai. Ungekuwa unashona hivyo unavyotunga, watu wa suruali wasingekuwa wananisumbua mlangoni.

Bahati yako mbaya, juzi imefika barua ya mwenyewe. Mwandiko wake, maneno yake, anasema "mimi mzima kabisa." Ananiambia habari za mbao zake za mninga. Nimeinama uvunguni nimezikuta. Maiti gani inajua mbao zilipo? Bibi Mboni aliishika karatasi, akaitazama pale palipofutwa tarehe, akaniuliza eti imeandikwa lini. Nikamwambia bibi, barua iliyofika mwisho ndiyo iliyoandikwa mwisho. Akanirudishia karatasi. Tangu siku hiyo anapika yeye, hataki niguse jiko.

Halafu kosa lako jingine nimelikamata. Shilingi iko wapi? Umeniandikia kurasa nzima za kumzika Mchaga, na shilingi hukuangusha! Mpare gani huyo? Hapo ndipo nilipojua ni uongo mtupu. Ungetaka nikuamini ungesema uliangusha shilingi.

Nijibu upesi. Na unijibu kwa matusi kama kawaida yako. Niite bahili, niite mchuuzi, sema koti limekukaa. Nitakusamehe yote. Anselmi mwambie Mgeni anamngoja.

Mchaga wako,
Theopista

*

27 Desemba 1978

Shemeji,

Hongera kwa mtoto. Nilipoisoma barua yako nilitoka nje, nikakaa peke yangu mpaka sajini akanifuata.

Nimejaribu kuandika matusi uliyoyataka. Nimechana karatasi kadhaa. Hayaji.

Wewe hukosei kunidharau. Maisha yangu yote kwenu nimekuwa mtu wa kumzika Anselmi kila siku. Asipokuja kula, kafa. Akichelewa kazini Gerezani, kafa, tugawane vyombo. Nimelitumia neno hilo mpaka limechakaa, na siku nilipolihitaji halikunifaa. Wenzangu wengine barua zao zinaaminika. Yangu imechekwa barazani, na sina wa kumlaumu.

Barua yake aliiandika siku mbili kabla hatujavuka. Nilikuwa ubavuni kwake. Hilo la mimi kukoroma tulibishana. Barua zote za siku zile zilizuiliwa ili habari ya kuvuka isivuje, zikafutwa tarehe, zikaachiliwa baadaye. Yangu niliikabidhi kwa dereva aliyekuwa anapeleka majeruhi Bukoba, ndiyo maana iliitangulia ya kwake.

Umeuliza shilingi.

Niliiangusha. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu. Watu walipokuwa wanachimba, nilipiga magoti nikaitoa mfukoni, ile yenye mwenge. Nikaiangusha karibu na sikio lake. Udongo wa pale ni laini kwa mvua, haikulia. Nikajiambia, Anaeli, hajasikia, udongo umeimeza. Nikaiokota, nikaifuta, nikaweka kofia yake ya chuma kando ya kichwa chake na kuiangusha juu ya kofia. Ililia sana. Kila mtu aligeuka. Mmoja akataka kunikaripia, sajini akamzuia, akamwambia mwacheni, huyo ni mtani wake.

Nilimtazama usoni, Theopista. Nilingoja aulize ni ya nani.

Shilingi ninayo, nimeifunga kwenye leso. Sijainunulia kitu na sitainunulia.

Anaeli

*

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
8 Januari 1979

Shemeji yangu Anaeli,

Watu wa jeshi walikuja Jumamosi, wawili, na karatasi yenye mhuri. Walianza kuzunguka zunguka, mara habari za hapa, mara mtoto ana umri gani. Nikawahurumia. Nikawaambia, wanangu, msihangaike, nilishaambiwa na mtani wetu. Wakanywa maji wakaondoka. Kwa hiyo kazi niliyokupa umeifanya, na umeifanya wa kwanza kama nilivyotaka. Asante.

Sasa na mimi nikuambie kweli yangu. Barua yako ya msiba niliiamini siku ile ile, kabla sijafika mwisho. Niliiamini kwenye neno la kwanza. Tangu nikujue hujawahi kuniandikia "Shemeji Theopista." Nikaisoma yote namtafuta yule Mpare, natafuta hata tusi moja dogo, sikuliona. Nikajua mume wangu amekufa.

Halafu ikaja ile ya Anselmi. Tarehe imefutwa, na mimi nikajifanya sijui maana yake. Nikajiambia nitamwandikia Mpare kwa mzaha. Nikimchokoza sana, naye akinijibu kwa mzaha, basi itakuwa ni utani tangu mwanzo, na Anselmi atakuwa hai. Nilikuwa nakuomba unidanganye, Anaeli. Nilikaa siku zile zote nikingoja matusi yako kama mtu anavyongoja dawa. Bibi Mboni alijua. Ndiyo maana alininyang'anya jiko.

Habari ya koti acha. Ungelishika, angekuachia koti mkononi akaenda. Mimi nimemshika miaka mitano na sikuwahi kumshinda kwenye mgomba. Mwenye shamba lile akirudi, kama utakuwa bado uko huko, mwambie ni nani aliyetaka kumtegemezea.

Mama yake Anselmi ametoka Rombo, yuko hapa nami. Analala kitandani, mbao za mninga ziko chini yake. Matanga ya hapa tumeyafanya bila mwili na bila mtani. Wapare wa Magomeni walijitolea kuja kutania, nikawakatalia, nikasema mtani wetu yupo, amechelewa njiani. Mama anasema msiba usiotaniwa haujafungwa, na mimi naona ni kweli, maana sijaweza kulia hata sasa. Kila nikianza nasikia kama mtu atanicheka, halafu simwoni.

Vita itakwisha. Wakikupa ruhusa hata ya siku mbili, njoo. Cherehani yako iko salama, wenye suruali wamesema hawazidai tena. Uingie barazani kwa kelele kama zamani, unitukane mbele za watu, uvae hilo koti. Mama ameshakubali.

Na uje na ile shilingi. Mtoto bado hana jina. Aliyepaswa kulitamka hatakuja, na mimi siwezi kumwacha mtoto wa watu awe Mgeni nyumbani kwake. Nitamlaza hapa kitandani, wewe uiangushe karibu na sikio lake, akifumbua macho umwite Severine. Huyu ataamka.

Mchaga wako,
Theopista